Litungu Halikimbizi Mtu

Mwezi uliopita nilikwenda Morotonga kumwona mama, na kama kawaida yangu nikapita kwa jirani. Jirani mwenyewe alishafariki miaka mingi. Aliyebaki pale ni mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, mama mmoja mcheshi ambaye hawezi kukuacha uondoke mikono mitupu. Safari hii alitaka nibebe mayai. Akanipeleka nyuma ya jiko, akainama kwenye kibanda cha kuni, akamsukuma kuku kando, na kuku alipoondoka huku akilalamika nikaona alichokuwa amekalia. Lilikuwa litungu la baba mkwe wake.

Kama hujafika kwetu Mara, nikueleze. Litungu ni ala ya nyuzi nane. Lina bakuli kubwa la mti wa kuchonga, limevikwa ngozi ya ng'ombe, na juu yake inapanda mikono miwili iliyounganishwa na mti wa kukingama, ambako nyuzi hufungwa na kukazwa. Mpigaji hukaa kwenye kigoda, akalisimamisha mbele yake, akapiga kwa vidole vya mikono yote miwili huku akiimba. Sauti yake ni nzito, ina mvumo ndani yake kama nyuki walio kwenye kibuyu. Hilo nililoliona halikuwa na ngozi wala nyuzi, na mkono mmoja ulikuwa umevunjika. Lilibaki bakuli, majani makavu, na mayai.

"Tulimtengenezea kiota kizuri cha boksi," mkwe aliniambia, "akakikataa. Anataka humo humo."

Nilicheka, kisha machozi yakanilenga, naye akadhani ni moshi wa jikoni. Sikumsahihisha. Kumweleza ingebidi nianzie mbali, na alikuwa na ugali mekoni. Wewe huna ugali mekoni, basi kaa nikuanzie.

Nikiwa mtoto nilikuwa na kigugumizi, na sisemi kile cha kurudia rudia herufi ambacho watu hukiigiza wakitaka kuchekesha. Changu kilifunga koo. Neno lilikuja mpaka kwenye meno, likakaa hapo. Mdomo wazi, shingo imekaza, macho yamenitoka, na mtu mzima aliye mbele yangu anaanza kuangalia pembeni kana kwamba kosa ni lake. Watoto wenzangu hawakuwa na aibu hiyo. Walinimalizia maneno, na walimalizia vibaya kwa makusudi. Nikitumwa chumvi, wao wanamtangazia mwenye duka kwamba nimetumwa chura. Niliwahi kurudi nyumbani bila chumvi zaidi ya mara moja, na mboga ya siku hizo ililiwa hivyo hivyo.

Kulikuwa na jambo moja la ajabu ambalo sikuweza kumweleza mtu, maana kulieleza nako kulihitaji kuongea. Nikiwa peke yangu na mbuzi kule bondeni, sikukwama hata kidogo. Niliwahutubia mbuzi kama mwenyekiti wa kijiji. Niliwagombeza, niliwasimulia habari za shuleni, nilimpa kila mmoja cheo chake. Akitokea mtu kwenye njia, hata awe mbali kiasi gani, koo linafunga tena. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba wenye kigugumizi wengi wako hivyo. Wakati ule nilijua ni mimi tu na mbuzi wangu.

Tabu yangu kubwa ilikuwa asubuhi, na tabu hiyo ilikuwa na jina. Ilikuwa babu.

Babu mzaa baba alihama kutoka milima ya Tarime akifuata malisho, akajenga mji wake Morotonga, na mji wote uliendeshwa kutoka kwenye mlango wa zizi. Sisi ni Wakurya na nyumbani tuliongea Kikurya, lakini ujanani babu aliwahi kuwa askari, na kutoka huko alirudi na vitu viwili alivyovithamini sana: koti zito la kijani na Kiswahili. Koti alilivaa hata jua la Januari. Kiswahili alikitaka asubuhi. Kabla ng'ombe hawajafunguliwa alisimama mlangoni pa zizi, mkono mmoja kwenye nguzo, mkono mwingine umeshika fimbo, na sisi wajukuu tukapita mmoja mmoja kutoka mkubwa hadi mdogo. "Shikamoo babu." "Marahaba." Ukishaitikiwa unakwenda kwa bibi kunywa uji wa ulezi. Salamu hiyo kwetu haikuwa mchezo. Mtoto asiyesalimia wakubwa ni mtoto ambaye hana kwao.

Zamu yangu ikifika, neno linakaa kwenye meno. Babu anasubiri kidogo. Wadogo zangu nyuma yangu wanaanza kusukumana, ng'ombe wanalia, uji unapoa. Mwishowe babu anageuza uso, anamwita anayefuata, nami napita nikiwa sijaitikiwa.

Angekuwa anaamini kwamba sina uwezo, pengine angenihurumia. Lakini siku moja alipita bondeni nyuma ya vichaka akanisikia nikiongea na mbuzi. Alisimama hapo akasikiliza hotuba nzima. Jioni alimwambia bibi, mimi nikiwa karibu napepeta mtama: "Huyu mtoto ana maneno ya mbuzi. Ya mimi hana. Ananidharau." Bibi akasema mtoto ana shida ya koo. Babu akajibu kwamba koo gani hilo linalochagua, kisha akataja ukoo wa mama yangu, ambao aliuona una kiburi tangu siku ya posa. Kuanzia hapo hakunisubiri tena. Nilipofika mlangoni pa zizi alikuwa anaanza kuhesabu ng'ombe.

Sikumchukia. Ningependa kusema nilimchukia, ingekuwa rahisi. Ukweli ni kwamba nilimpenda yule mzee na koti lake, na nilitaka ile marahaba kuliko nilivyotaka uji.

Nilipomaliza darasa la saba nikachaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mbali na nyumbani. Mama alishangilia mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni. Baba alifurahi, kisha akaangalia upande wa zizi, na nilijua kwa nini. Katika mji wetu mtu haondoki kwenda kuishi ugenini bila babu kumbariki. Babu huchukua maziwa kwenye kibuyu, anayaweka mdomoni, anampulizia anayeondoka kifuani, na kumwambia maneno. Shangazi zangu walipoolewa walipuliziwa. Baba mwenyewe, alipokwenda kutafuta kazi kwenye machimbo, alipuliziwa. Na babu alikuwa amekwisha kusema, bila kupandisha sauti: "Maziwa yangu siyapulizi kwa mtu asiyenisalimia. Atakwenda na nini huko? Akae."

Baba hakuwa mtu wa kumpinga baba yake. Aliniambia nijitahidi. Nilijitahidi. Nilijaribu kumeza maji kwanza, nilijaribu kuvuta pumzi, nilijaribu kutamka nikiwa natembea ili neno litoke kabla sijafika. Kila asubuhi lilikaa pale pale, na siku za kufungua shule zilikuwa zinakaribia.

Sasa jirani. Alikuwa mwanamume wa makamo aliyefiwa na mke, mtu wa ng'ombe wachache na maneno machache. Mavuno yakishaingia, saa za alasiri wakati ulezi unaanikwa kwenye ngozi uani, alitoa litungu, akakaa kwenye kigoda chake na kuanza kulitengeneza. Hapo ndipo wenye haraka walipoondoka, maana kulitengeneza kulikuwa nusu ya kazi. Alikaza uzi, akaugonga, akausikiliza, akaulegeza kidogo, akaugonga tena. Bibi alinituma kwake na togwa kila alipopika, na mimi nilikaa kungoja kibuyu kirudi. Bibi hakuwahi kuniuliza kwa nini kibuyu kinachelewa.

Nyimbo za litungu zina kawaida yake. Mpigaji hasemi habari yake kabla hajawasalimu waliopo. Anazunguka, anamtaja huyu, anamtaja yule, wazee kwanza, na aliyetajwa lazima aitikie, kwa sauti au kwa kuinuka. Akipiga peke yake, jirani aliwasalimu ng'ombe, kuku, mkewe marehemu, na mimi. Kulikuwa na mahali pa kiitikio, na siku moja, nikiwa natazama mchwa na sifikirii lolote, nilikiitikia. Kiitikio kizima. Kilitoka kama ninavyoongea na mbuzi.

Nilishtuka nikafunga mdomo. Jirani hakushtuka. Hakunitazama usoni hata kidogo, na hadi leo namshukuru kwa hilo. Vidole vyake viliendelea kuzunguka mahali pale pale, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka nikaitikia tena.

Alipomaliza alikunywa togwa, akafuta mdomo, akasema, "Litungu halikimbizi mtu. Usipoingia sasa, litazunguka, utaingia likirudi."

Hayo ndiyo mafunzo yote aliyonipa kwa maneno. Mengine yalikuwa ya kurudia. Siku zilizofuata nilikwenda na togwa, nilikwenda bila togwa, nilikwenda na visingizio ambavyo visingemdanganya hata mbuzi. Niliimba kiitikio, kisha akaniachia salamu ya kuku, kisha ya ng'ombe mmoja mmoja. Nilijifunza kitu ambacho hakuna aliyewahi kunipa. Watu wakiongea wanakuachia upenyo mdogo sana, na ukichelewa wameshafunga. Kwenye litungu upenyo unarudi. Unajua utarudi, kwa hiyo huugombanii, na usipougombania koo halifungi. Pia nilijifunza raha ya kuwa na sauti mwilini. Nilikuwa nikirudi nyumbani kifua kina joto, na njaa ya ajabu.

Baada ya mavuno wazee walikusanyika kwa babu kunywa pombe ya ulezi, kama kila mwaka. Mirija mirefu kwenye chungu kimoja, nyama ya mbuzi, akina mama wakisonga ugali wa udaga wa muhogo kwenye chungu ambacho mtoto angeweza kuogea. Jirani aliitwa aje na litungu. Alipofika getini alimwambia bibi anahitaji mwitikiaji. Bibi akanishika bega akanisukuma mbele, akarudi kwenye ugali wake.

Nikakaa chini karibu na kigoda. Jirani alilitengeneza litungu bila haraka, kisha akaanza salamu. Mkubwa wa wote pale alikuwa babu, kwa hiyo salamu ya kwanza ilikuwa yake. Jirani alimtaja, akafika mahali ambapo mpigaji humwamkia mzee, na sauti yake ikanyamaza. Vidole havikunyamaza. Viliendelea kuzunguka pale, na akageuza kichwa akawa anaangalia zizi.

Nilielewa anataka nini. Mzunguko wa kwanza ulipita. Wazee wakaacha mirija. Wa pili ukapita, nikaona baba amesimama karibu na ghala, mikono kichwani. Babu alikuwa ananitazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mbuzi. Sikujua anafikiri nini. Wa tatu uliporudi nikaingia.

Niliimba shikamoo babu. Niliiimba kwa Kiswahili, katikati ya wimbo wa Kikurya, na ilikaa mahali pake vizuri tu.

Babu hakuitikia. Kawaida inamtaka aitikie, na wazee wote walikuwa wanamngoja, lakini alikaa na fimbo yake kati ya magoti. Jirani akazunguka. Nikaimba tena. Akazunguka. Nikaimba tena. Ningeweza kuiimba mpaka ng'ombe warudi.

"Marahaba," babu akasema. Hakuiimba, aliisema kwa sauti kavu, kama mtu anayejibu jina lake kwenye mkutano. Kisha akamgeukia jirani. "Mura," akasema, maana kwake jirani alikuwa bado kijana, "kumbe sauti anayo."

"Anayo, mzee. Ilikuwa inatafuta njia."

"Muda wote huu nilisema ananidharau."

"Hakukudharau. Humngoji, ndiyo maana."

Nilitegemea babu akasirike, kwani hakuna aliyemwambia mambo namna hiyo. Alivuta pombe kwenye mrija, akakaa nayo, akameza. Jirani akaendelea kumsalimu mzee aliyefuata, nami nikaitikia mpaka jua linashuka. Mama alisahau ugali ukashika chini, na siku ile hakuna aliyemsema.

Lakini kuimba ni kuimba na asubuhi ni asubuhi. Kesho yake nilikwenda zizini pamoja na wengine. Babu alikuwa mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote. Zamu yangu ikafika. Nikafungua mdomo, na neno likaja mpaka kwenye meno likakaa, kana kwamba jana haikuwepo. Wadogo zangu wakaanza kusukumana. Nilijua atageuza uso.

Hakugeuza. Alinitazama kidogo, kisha akaanza kugonga fimbo kwenye nguzo ya mlango. Aligonga polepole, ule mzunguko wa litungu wa jana, akiukosea hapa na pale, maana babu hakuwa na sikio la muziki hata kidogo. Alinikazia macho akagonga. Ng'ombe walilia, hakuwajali. Mdogo wangu alisukuma, babu akamnyooshea kidole, akatulia. Ulipita mzunguko mmoja, na mwingine. Fimbo iliporudi mahali pangu nikasema, "Shikamoo babu." Kwa sauti ya kawaida, bila kuimba.

"Marahaba," akasema, na akafungua zizi.

Aligonga nguzo ile kila asubuhi mpaka nilipoondoka. Siku ya safari alichukua kibuyu, akanipulizia maziwa kifuani, yakalowesha shati jipya la shule ambalo mama alilipiga pasi ya mkaa. Aliniambia, "Ukikwama, gonga." Nilipanda basi nikiwa nanuka maziwa ya mgando, na sikubadilisha shati mpaka nilipofika.

Sasa mimi ni muuguzi, Tarime mjini. Kazi yangu ni kuita majina ya watu asubuhi hadi jioni, kazi ambayo mtu mwenye akili timamu asingempa mwenye kigugumizi. Sikupona. Watu wangependa niwaambie kwamba muziki uliniponya, watikise kichwa wakifurahi, lakini si kweli na sipendi kudanganya. Bado nakwama. Nikikwama nagonga meza kwa kidole, chini chini, jina linatoka. Wagonjwa wanadhani ni mazoea tu. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisani, na siku za mazoezi nalala vizuri kuliko siku nyingine. Muziki haukunipa koo jipya. Ulinipa watu wawili walionisubiri, na mtu akishasubiriwa hata mara moja anajua kwamba anastahili kusubiriwa.

Litungu bado linasikika kwetu, usidhani limekufa. Vijana wa bodaboda wanalo kwenye simu, linapigwa kwa spika kubwa stendi, na kwenye harusi linawekewa na kinanda juu yake. Sina ugomvi nalo, hata mimi huwa natingisha bega nikipita. Ila la kwenye simu limeshapanga lini litaanza na lini litaisha. Ukichelewa kuingia linakuacha. Na watoto siku hizi wanasalimia wakiwa wanapita, neno moja, hawajasimama, na wakubwa tunaitikia tukiwa tunaangalia pembeni. Mtoto mwenye koo kama langu anapita tu hapo katikati na hakuna anayejua.

Mayai ya mkwe niliyakataa, nikamwambia amwachie kuku aangue. Nikarudi kwetu kwa njia ya zizini. Ng'ombe hatuna tena, zizi lote limelimwa mahindi, lakini nguzo moja ya mlango bado imesimama kwa sababu mama anafungia kamba ya kuanikia nguo. Upande wa ndani ina mabonyeo madogo, mahali fimbo ya babu ilipogonga. Niliyapitishia kidole. Nikatazama huku na huku, sikuona mtu, na nikasema kwa sauti, "Shikamoo babu."

Ilitoka yote, mara moja, laini, haikugusa jino. Ndivyo ilivyo nikiwa peke yangu, bila mtu wa kunisubiri. Laiti ingekwama.